Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Kamwene!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyekupandisha salama mlima Kitonga. Tunajua una majukumu mengi, na kwamba umeyaacha ili uje kukaa nasi chini ya turubai hili lenye matundu mawili. Kiti chako tumekiweka pasipo na tundu. Karibu sana Iringa.

Shule yetu ilianza mwaka 2006, enzi za MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kwa madarasa mawili yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi. Leo ina madarasa ya kutosha, au tuseme karibu ya kutosha. Sisi wahitimu tuko 63, wasichana 35 na wavulana 28. Historia ya eneo hili hatutairudia. Mnara wa Lugalo uko kwenye barabara hii hii, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Kila mgeni rasmi hutukumbusha kwamba sisi ni wajukuu wa mashujaa, nasi kila mwaka hushukuru.

Mafanikio ni mengi. Klabu ya mazingira imepanda misindano 200, na mingi kati yake ipo hadi leo. Timu ya netiboli imetikisa wilaya. Choo kipya cha matundu manne kinatumika. Kitaaluma, katika mtihani wa majaribio shule yetu imeshika nafasi ya pili katika kata nzima. Dada mkuu ametaka tuongeze kwamba kata ina sekondari mbili. Tumeongeza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako tunaomba sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, ambalo ni bweni la wasichana.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ada iliondoka. Umbali haukuondoka. Wasichana wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba senta, karibu na mahali malori yanapolala. Chumba ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na hukaa watatu kwenye kitanda kimoja. Kamati nzima ya risala tulikwenda kuona kimoja, tusije tukasema tusichokijua. Mlango hauna kitasa. Unafungwa kwa msumari uliokunjwa, halafu ndoo ya maji inasukumwa nyuma yake. Kwa sababu hiyo maji hayo hayaguswi usiku hata mtu akiwa na kiu, maana ndoo tupu haizuii mlango. Juni na Julai wanaingiza jiko la mkaa ndani. Matroni amelikataza mara nyingi, lakini baridi haijamsikia.

Tunajua kwamba tangu mwaka 2016 anayempa mwanafunzi ujauzito anafungwa miaka 30. Tunaishukuru pia Serikali kwamba tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Ila yote mawili yanaanza kufanya kazi baada ya mlango kusukumwa. Sisi tunaomba kitasa.

Hapa tunaomba tumzungumzie dada mkuu, anayekabidhi madaraka leo. Yeye hakutaka, na amekaa pale ameinamisha kichwa.

Alipochaguliwa, sera yake ilikuwa fupi: kiongozi hauzi watu wake. Sote tulipiga makofi, na wengi tulimpigia kura kwa sababu hiyo. Mwalimu wa malezi alipopita jioni kukagua vyumba vya senta, dada mkuu ndiye aliyejibu kwa niaba ya wasiokuwepo. Huyu kaenda kusaga, yule kaenda kwao kufuata unga. Alikuwa anatulinda, na tulimpenda.

Muhula wa pili msichana mmoja wa kidato cha pili hakuonekana siku mbili. Dada mkuu akasema kaenda kwao kufuata unga. Siku ya tatu mama wa huyo msichana akaja shuleni akiwa na unga kichwani. Tunaomba ufikirie, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dada mkuu amesimama mlangoni mwa ofisi, mama anatua kiroba anasema, "Mwanangu yuko wapi, nimpe?"

Msichana alipatikana jioni ile kwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, anaosha vikombe na kuhudumia wateja, ili apate kodi ya chumba. Hakuwa na alama ya kuumizwa. Alikuwa amechoka tu, na mikono yake inanuka ulanzi.

Kuanzia siku hiyo dada mkuu akaacha kudanganya. Orodha ya mahudhurio ya jioni akawa anaiandika kama ilivyo. Wengine tulimwita mmbea. Aliandikiwa maneno ubaoni, na aliyeyaandika yumo kati yetu wahitimu, ameomba msamaha. Lakini huko kusema ukweli nako kulimtia kwenye mtihani mwingine. Baba wa msichana mmoja aliposikia binti yake haonekani jioni, alikuja akamchukua akampeleka shambani kwenye nyanya, akakaa huko hadi muhula ukaisha. Dada mkuu na matroni walikwenda kwa miguu mara mbili kumwomba baba huyo. Mara ya kwanza hawakupewa hata kiti. Mara ya pili baba aliuliza swali moja, "Nikimrudisha, analala wapi?" Walirudi bila jibu. Msichana alirudi baada ya dada mkuu kusema atalala naye kwa shangazi yake.

Sasa huko kwa shangazi wako watatu kwenye kitanda kimoja, kwa sababu baadaye aliongezeka mwingine. Dada mkuu anajisomea kwenye taa ya duka la jirani mpaka duka lifungwe. Mtihani wa majaribio wa kidato cha tatu alipata daraja la pili. Mwaka huu amepata la tatu.

Kamati tuliandika aya nzuri ya kumpongeza kwa moyo wa kujitolea, tukamlinganisha na Mkwawa. Alipoisoma aliikata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Hii si sifa. Msifanye mwanafunzi aonekane ndiye bweni." Chini yake akaongeza kwamba Mkwawa hakuwaambia watu wajitoe tu, aliwazungushia ukuta wa mawe pale Kalenga. Mwalimu wa historia amethibitisha. Kwa hiyo pongezi tumezifuta, na makofi yaliyopangwa hapa tunaomba yasipigwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukuta na sisi tunao. Wazazi walifyatua tofali wakazichoma, akina mama wakasomba mawe na mchanga, boma likafika kwenye linta. Hapo ndipo lilipo kwa mwaka wa tatu. Katika rasimu ya kwanza tulielekezwa kuandika kwamba ujenzi umefikia asilimia 80, ili mgeni asikate tamaa. Dada mkuu alituchukua akatusimamisha ndani ya hilo boma, akatuambia tutazame juu. Tuliona mbingu. Kozi za juu upande wa magharibi zimeanza kuachia kwa mvua, na mbuzi wa jirani wanalala mle. Mbuzi, Mheshimiwa, ndio waliopata bweni.

Hatulalamiki. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi, hapa hapa, mbele ya wazazi hawa, mabati 120. Alipigiwa makofi na vigelegele, akavishwa mgolole, akapewa kuku wawili. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliahidi mbao za kenchi na mifuko 50 ya saruji, akapiga picha kwenye msingi akiwa ameshika mwiko. Mwiko aliturudishia. Tumewapigia simu wote wawili kwa heshima zote. Tunafahamu Kitonga kuna foleni ya malori, na pengine mabati bado yanapanda polepole. Basi yakikutana nawe wakati wa kurudi, tunaomba uyaelekeze huku.

Mahitaji yetu ni haya: mabati 120, mbao za kenchi, misumari, saruji ya kurekebisha kozi zilizoachia, milango sita yenye vitasa, na vitanda vya ghorofa 20. Wazazi wamekubali kulipa mafundi na kuleta maji, na wametoa debe moja la mahindi kila kaya. Mahindi hayo yako stoo, mtunza stoo atakuonyesha.

Na tuna ombi jingine ambalo pengine halijawahi kusomwa kwenye risala. Kama lipo usiloliweza katika hayo, tunaomba utuambie leo, hapa hapa. Hatutanung'unika. Tukijua mabati hayaji, wazazi wataezeka nusu kwa nyasi kabla mvua za Desemba hazijashika, wasichana waingie hivyo hivyo. Kinachotuumiza ni kusubiri. Kwa ajili ya ile ahadi ya mwaka juzi tulikataa nyasi za bure kutoka kijiji cha jirani, tukasema sisi tunasubiri bati.

Boma liko nyuma ya jiko. Tunaomba tukupeleke kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula wageni wetu wengi huwa na haraka. Mhazini wa kamati amekaa mstari wa mbele kulia kwako, ana daftari, na kalamu yake inaandika, tumeijaribu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.