Dada, yule muuguzi usimfokee tena

Dada shikamoo. Najua ukiona nimeandika hapa badala ya kukupigia utanuna, ila kwenye simu hatuongei, kila nikipiga unasema "tunaendelea vizuri, mama amekula, haya baadaye" alafu unakata, na mimi sijui hata kama wewe umekula. Jina lako sitalitaja. Na wanaouguza nyumbani mpo wengi, wacha wenzako nao wasome.

Nimesikia umemfokea muuguzi anayekuja kumfunga mama kidonda tangu kiharusi kimlaze, kisa amechelewa. Sasa mi kazi yangu ndo hiyo hiyo, naingia kwenye nyumba za watu kila siku, kwa hiyo niache nikwambie kinachotokea kabla hajagonga mlango wako. Ametoka kwa mgonjwa mwingine aliyepangiwa nusu saa, kafika kakuta kidonda kimechimbika au mpira wa mkojo umeziba, na pale hakuna daktari wa kumuita chumba cha pili, hakuna mwenzake wa kushika upande ule wanyanyue wote, yupo yeye na begi lake. Anamaliza, anaandika, anatoka mbio. Muda wa njiani kutoka nyumba moja kwenda nyingine sehemu nyingi hauhesabiwi hata kama kazi, yaani haulipwi. Anafika kwako anatabasamu, na inawezekana asubuhi hiyo amefiwa na mgonjwa aliyemhudumia miezi na miezi. Wodini ukifiwa na mgonjwa wenzako wanajua, mtakaa kidogo mtaongea. Sisi tunalilia njiani, tukifika kwa mwingine tunapiga hodi.

Sisemi umbembeleze. Akikosea mwambie, akizidi kuchelewa piga simu kwa wakubwa zake. Ila kuna mama mmoja mtafiti anaitwa Christina Maslach, yeye na mwenzake mwaka 1981 walitoa dodoso la kupima uchovu wa watu wanaohudumia watu, na wakaona una sura tatu: unaishiwa nguvu moyoni, unaanza kumuona mgonjwa kama kitu, na unaona kazi yako haina maana. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 likauweka uchovu huu kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, japo lilisema wazi kwamba ni hali inayotokana na kazi, hawauiti ugonjwa. Hiyo sura ya pili ndo inamgusa mama. Muuguzi aliyefika huko kidonda atakifunga vizuri tu, ila visigino haviangalii, mama hamsemeshi, anafunga begi anaondoka. Ukimfokea kila akija unamsukuma aende huko huko.

Na wewe je? Maana dodoso lile la Maslach ni la wenye ajira. La kwenu mnaouguza ndugu lipo pia, alilianzisha Steven Zarit na wenzake mwaka 1980, lilikuwa na maswali 29, linalotumika sana siku hizi lina 22. Linauliza vitu ambavyo watu hawaulizani mezani. Kama unapata muda wako mwenyewe. Kama unapata hasira ukiwa karibu na huyo unayemuuguza. Nikisoma yale maswali nakuona wewe kabisa, na najua ungejibu "hapana, mimi niko sawa" kuanzia la kwanza mpaka la mwisho.

Haya, ngoja nikupe habari ya vidonda, siyo vya mama, vyako. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake kule Marekani walichukua wanawake 13 wanaouguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao ambao hawauguzi mtu, wakawatoboa wote kidonda kidogo mkononi, cha milimita tatu na nusu, alafu wakasubiri. Vya wale wanaouguza vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Kidonda kile kile, ngozi ya umri ule ule. Mwili unajua, hata kama mdomo unasema niko sawa.

Alafu kuna ule wa 1999 wa Richard Schulz na Scott Beach, huo watu wengi wanausimulia vibaya. Wanasema kuuguza kunaua. Walichokuta ni hivi: walifuatilia wazee wa miaka 66 mpaka 96 kwa wastani wa miaka minne na nusu, na wale waliokuwa wanamuuguza mume au mke na wakasema wanaelemewa, hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 63 kuliko wasiouguza. Ila wale waliokuwa wanauguza na hawaelemewi, hatari yao haikuonekana kuzidi kwa namna ya kutilia maanani. Umeona hapo? Wewe siyo bibi wa miaka 66 na mama siyo mumeo, hizo namba usijipimie nazo, ila jambo lenyewe ndo hilo ninalotaka tuliongee: mama kuuguzwa na wewe hakuna ubaya, ubaya ni hivi unavyobeba peke yako, na huko kuelemewa kunapunguzika. Hakuna atakayekunyang'anya mama.

Tuanze na usiku manake hapo ndo unapokwisha. Unaamka kila masaa mawili kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, kwa sababu mtu wa hospitali aliwaambia masaa mawili, na tangu siku hiyo hujalala usingizi wa kueleweka. Masaa mawili ni kanuni ya zamani, bado inafaa kwa wagonjwa wengine, ila siku hizi tunaangalia ngozi ya mtu mwenyewe, anaweza kujisogeza kiasi gani, analalia godoro la aina gani, alafu ndo tunapanga. Wapo wanaohitaji kugeuzwa mara kwa mara kweli, wapo ambao godoro likiwa zuri na ngozi haibadiliki wanaweza kukaa muda mrefu zaidi usiku. Usiamue mwenyewe na mimi siamui nikiwa huku, muulize yule uliyemfokea. Hilo swali moja linaweza kukurudishia usingizi, na pengine hujawahi kumuuliza kwa sababu akija mnaangaliana kama wakwe.

Ukimlaza ubavu usimsimamishe kabisa juu ya nyonga, mwinamishe kidogo tu, mto nyuma ya mgongo. Mto mwingine chini ya miguu kuanzia kwenye mashavu ya miguu ili visigino vining'inie, visiguse godoro. Yale maboya ya mviringo ya kukalia yenye tundu katikati achana nayo, yanabana damu pembeni. Na mahali palipobadilika rangi usipasugue kwa mafuta, najua bibi alikuwa anafanya hivyo, ila unazidi kuichana nyama iliyo chini. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri uone wekundu hautauona, pitisha mkono: pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au palaini kupita kawaida, pana weusi uliozidi, au mama anakunja uso ukipagusa, basi hapo asipalalie tena na umwambie muuguzi.

Chakula unajua, mwili wima, asilishwe amelala, na akimaliza akae wima kama nusu saa. Sauti yake ikianza kuwa ya majimaji baada ya kumeza simama, usiendelee kumlisha. Mdomo usafishwe hata siku ambayo hakula, wadudu wa mdomoni wakishuka kwenye mapafu ndo nimonia hiyo. Na ule mkono uliopooza hatuuvuti, jamani, wala kumnyanyua kwa kumshika kwapani, bega linatoka. Mgongo wako pia, kunja magoti, mama awe karibu na kifua chako, na kama hamko wawili usijaribu peke yako.

Na akibadilika ghafla, jana alikuwa anakutambua leo anaongea yasiyoeleweka au analala tu haamki vizuri, usiseme ni uzee au kiharusi kinaendelea. Mara nyingi kuna kitu, mkojo umeingia wadudu, nimonia, maji yamepungua mwilini, dawa mpya imemkataa. Siku hiyo hiyo apate mtu wa kumuona. Na uso ukipinda upya au upande ukaishiwa nguvu ghafla, hapo huulizi mtu, ni hospitali mbio.

Mama mwenyewe sasa. Mnaongea juu yake kama hayupo. Shemeji anasimama mlangoni anauliza "amekunya?" na mama anasikia. Kiharusi kimemchukua maneno, akili iko pale pale, sehemu kubwa tu, unaona macho yake yanavyokufuata. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, subiri, ukifikiri umesubiri vya kutosha ongeza kidogo. Mwonyeshe nguo mbili achague. Na usimfanyie kila kitu, ule mkono mzima unaweza kushika kikombe, unaweza kupitisha kitana kichwani, itachukua muda na maji yatamwagika, mwache. Wewe unamfanyia haraka ili umalize, naelewa kabisa, ila mtu aliyelea watoto wote hawa akikaa kama mzigo siku nzima anakata tamaa. Karibu mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi wanapata na sonona, na inatibika, siyo kwamba anadeka. Pia wengine kiharusi kinawaachia kilio kinachokuja chenyewe bila huzuni, au kicheko mahali si pake, kwa hiyo akilia usikimbilie kufikiri umemkosea. Muulize daktari ni kipi kati ya hivyo viwili.

Na kuna lile wazo. Lile la usiku wa manane kwamba bora basi angepumzika. Nimelisikia kwenye nyumba nyingi, wananiambia kwa sauti ya chini nikishafika getini, wake kwa waume, na wale wanaouguza vizuri kuliko wote. Haikufanyi uwe mtoto mbaya. Unamlilia mama uliyekuwa naye huku bado unamfulia shuka, hiyo ni kazi mbili kwa mpigo. Ila likianza kuja kila siku, au ukajikuta umemshika kwa nguvu kuliko ulivyotaka, au unawaza kujidhuru mwenyewe, toka chumbani, mwache mama salama kitandani, piga simu kwa mtu. Kwangu hata saa nane usiku.

Kaka zetu nao. Yaani lile grupu la WhatsApp! Mmoja anatuma video za mazoezi ya kiharusi, mwingine anauliza kwani mama anakunywa maji ya kutosha, alafu wote wanatuma mikono ya kuomba. Unajua Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilihesabu kazi ya kuhudumia watu isiyolipwa katika nchi 64, likapata masaa bilioni 16.4 kwa siku, na zaidi ya robo tatu yanafanywa na wanawake. Sasa wewe umeongezea yako humo na hakuna aliyekuuliza. Ila na wewe unaomba vibaya dada, samahani. Ukiandika "jamani nisaidieni" kila mtu anaona anaambiwa mwenzake. Taja mtu na taja kazi. Wewe kaka mkubwa Jumamosi usiku ni wako, unakuja unalala chumbani kwa mama. Wewe mdogo dawa ni zako, zikikaribia kuisha unajua kabla yangu. Akisema hajui kumbadilisha mama pampasi na ni mama yake anaona aibu, sawa, ana haki ya kuona aibu na mama pia ana haki ya kustirika, basi afue, apike, akae na mama mchana wewe ulale. Kazi zisizohitaji kuvua mtu nguo zipo tele.

Na wakija usisimame nyuma yao. Hapo ndo ugomvi wako na wifi ulipoanzia, alitandika shuka ukaitandua ukatandika upya mbele yake. Mto ukikaa vibaya usiku mmoja mama hafi. Watu wanaacha kusaidia wakionekana hawajui kitu.

Mimi nimeomba likizo. Nakuja, na usiku wote nikiwa hapo ni wangu, wewe utalala chumba cha mwisho na mlango ufungwe. Kabla sijafika nipigie picha dawa zote anazokunywa mama, pamoja na zile alizoleta shangazi na zile za maduka tu, maana nina wasiwasi kuna mbili zinafanya kazi moja na nataka daktari azione. Niambie muuguzi anakuja siku gani ili nimkute. Shemeji asianze habari ya nafasi, kochi linanitosha.