Mpakiaji wa mizigo naye apewe ruhusa ya kuandika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie programu za kompyuta ambazo mashirika ya ndege hutumia pamoja na kampuni za huduma za uwanjani, yaani wale wanaopokea abiria, kupakia mizigo na kuiteremsha.

Msimu uliopita nilivuka kutoka Amu (Lamu) kwenda Manda, kisiwa jirani chenye uwanja wetu wa ndege, kumpokea mpwa wangu aliyekuwa akirudi kutoka ng'ambo kupitia Nairobi. Ndege ilitua, mkokoteni wa mizigo ukasukumwa hadi tuliposimama, na begi lake halikuwamo. Karani wa zamu alifungua simu yake ya kazi, akatusomea kwamba begi limepakiwa. Mpakiaji mmoja, kijana mwenye busara, akampigia mwenzake wa Nairobi, na kumbe ndege ilikuwa imezidi uzito, mabegi 6 yakateremshwa dakika za mwisho, nambari zake zikaandikwa kwa kalamu kwenye kijikaratasi kilichobaki mfukoni mwa mtu. Rubani alikuwa na habari, kwa kuwa hati ya uzito haina budi kurekebishwa kabla ya kuruka. Aliyekosa habari ni karani wa Manda, pamoja na sisi tuliokuwa tukimtazama usoni.

Nilipouliza kwa nini yule aliyeteremsha mabegi hakuingiza habari hiyo kwenye programu palepale, nilijibiwa kwamba programu ni ya shirika la ndege, na kampuni ya uwanjani imepewa ruhusa ya kutazama tu. Kwa maoni yangu kasoro yote imo humo. Anayeligusa begi haruhusiwi kuandika, na anayeandika yuko ofisini wala begi hajaliona.

Kushirikiana mitambo si jambo geni katika kazi hii. Mashirika 11 ya ndege yaliungana mwaka 1949 kuanzisha SITA ili yatumie mtandao mmoja wa mawasiliano, na mwaka 1984, Los Angeles ilipokuwa mwenyeji wa Olimpiki, kaunta za uwanja wake zilianza kutumiwa na mashirika mbalimbali kwa mtambo mmoja. Tena tangu Juni 2018 azimio nambari 753 la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, linayataka mashirika wanachama yafuatilie begi katika hatua 4: linapopokewa kwa abiria, linapopakiwa, linapokabidhiwa kwa ndege nyingine, na linaporudishwa kwa mwenyewe. Wajibu huo ni wa shirika la ndege, lakini katika viwanja vingi mikono inayotenda ni ya kampuni ya uwanjani.

Najua wako watakaosema kwamba majina na safari za abiria ni siri, na kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haichezewi. Hoja hiyo naiheshimu, ila haihusu jambo hili, kwa sababu mpakiaji hana haja ya jina la mtu. Tagi ya begi ina nambari ya tarakimu 10, ambayo ndani yake mna namba ya shirika lenyewe, na hiyo yamtosha kuandika "limeteremshwa" na saa.

Kwa hiyo naziomba pande hizo mbili, zinapoketi kutia saini mkataba wa huduma, zikubaliane waziwazi nani ataandika nini na ndani ya dakika ngapi, na wapakiaji waitwe kuijaribu programu kabla haijanunuliwa. Iwe moja kwa mashirika yote wanayoyahudumia, kwani si haki mtu mmoja abebeshwe nywila tatu na simu tatu huku ndege inamngoja. Iweze pia kuhifadhi habari ndani ya simu mtandao unapolala, na mtandao huku kwetu hulala, kisha izitume ukiamka.

Begi la mpwa wangu lilifika kesho yake alasiri. Wahusika wawili walibishana mbele yangu ni nani wa kulivusha, hatimaye nauli ya boti nikaitoa mimi, kwenda na kurudi. Basi mkataba huohuo utaje na mlipaji wa boti, maana uwanja wetu uko kisiwani, na mwenye begi huwa amekwisha kuvuka kuja Amu.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu