Nimetishwa na saa ya karatasi

Worcester, Massachusetts
Jumapili usiku

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali nami. Mwambie Mama koti nimeshanunua, asiendelee kuwaza.

Hofu nimeitaja kwa mazoea ya barua tu, ila jana nilipanda basi nikaifuata. Jamaa mmoja wa kazini alitualika kwake, tukawa watu sita, tucheze mchezo wa mezani wa kutisha. Taa akapunguza kabisa. Unanijua nilivyokuwa nikimsumbua Bibi atuhadithie ya majini wa kwenye mbuyu. Nilifika wa kwanza.

Mchezo unaitwa Elder Sign, ulitoka mwaka 2011. Umetokana na hadithi za H.P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha, ambaye kwao ni mji wa Providence, si mbali na hapa kwangu, basi nikasema leo nimefika kwenye chimbuko lenyewe. Na boksi lake, kaka, limechorwa ukalipenda. Mko ndani ya makumbusho, kuna dubwana la kale linataka kuamka, na nyote mnashirikiana kulizuia. Mezani hakuna adui.

Sasa sikia kinachofanyika. Zamu yako ikifika unachagua kadi, unarusha dadu sita za kijani. Kadi inataka, tuseme, fuvu na hati ya kale. Ukikosa, dadu moja inawekwa pembeni, unarusha zilizobaki. Ukikosa tena, inaondoka nyingine, mpaka unabaki na moja kiganjani unaisomea dua. Nilishindwa, nikaambiwa nimepungukiwa na akili. Kurukwa na akili kwenyewe ni kumrudishia mwenye nyumba kijipande cha karatasi ngumu! Nikarudisha, nikaendelea kula bisi.

Kuna na saa, nayo ya karatasi. Kila mtu akimaliza zamu, mshale unasogezwa mbele kwa muda wa saa tatu, na ukigonga usiku wa manane inafunuliwa kadi ya balaa. Tulivyokuwa sita, usiku wa manane ulipita mara moja, pengine mbili, kabla sijashika dadu tena. Nilienda msalani, nikarudi, nikakuta bado zamu ya yuleyule.

Kilichonichosha zaidi ni mwenye mchezo. Kwa kuwa wote tuko upande mmoja, yeye akawa kocha: chukua kadi ile, usiende huko, tumia silaha hiyo. Mimi kazi yangu ikawa kurusha tu. Nikikosa, wananipa pole kwa upole kabisa. Nikakumbuka ludo ya barazani kwetu, ulivyokula kete yangu ya mwisho imebakiza nyumba mbili kuingia, ukacheka mpaka jirani akachungulia. Siku ile niliumia kweli.

Tulishinda. Nilijua baada ya kuona wenzangu wanapiga makofi.

Mwenye mchezo anasema tukiwa wawili au watatu unanoga zaidi, huenda ni kweli. Mimi nimeucheza mara moja tu. Katualika tena mwezi ujao. Nimemwambia nitakuja na ludo, kwa hiyo akitokea mtu wa kuja huku, mpe ile ya ubao, na kikombe chake cha kutikisia dadu usisahau.

Nisalimie wote.

Mdogo wako