Swali lako la karantini, na ombi langu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Najua umeninunia. Miezi mitatu bila jibu si adabu, na Bakari amenifikishia maneno yako yote, hata yale ambayo bila shaka ulimkataza.

Uliniuliza karantini iwe siku 10 au 14, nami nikajigamba kuwa ni hesabu ya jioni moja. Jioni yenyewe haijaisha mpaka leo.

Nilianza na njia ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, ya kukokotoa ugonjwa unavyoenea: watu mafungu matatu, wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kupona au kufa. Nikaongeza waliotengwa, kisha watoro. Tuseme mgonjwa asiyezuiwa huambukiza watu 3, nanyi mnawapata wagonjwa 80 katika kila 100, na aliyetulia ndani haambukizi mtu (cheka tu, muuguzi). Hapo ugonjwa unarudi nyuma mradi watoro hawafiki mmoja katika kila sita. Wakitoroka 10 kwa 100, wagonjwa 100 huzaa 84, na baada ya vizazi kumi vya maambukizi wamebaki kama 17. Wakitoroka 30 kwa 100, wale 100 huzaa 132, na vizazi kumi baadaye ni 1,600 na ushee!

Nikafunga daftari kwa raha. Usiku usingizi ukanipaa: ile idadi ya watoro niliipachika mwenyewe, nikaiacha pale kama msumari ukutani, siku ziwe 10 au 14. Mtu hatoroki hivyo. Ana kibarua kinachoota nyasi, ana watoto nje, na zile siku nne za nyongeza huenda ndizo zinazomfanya aruke ukuta siku ya pili, angali anaambukiza sana. Karantini ndefu inaweza kueneza ugonjwa kuliko fupi. Halafu kuna wanaosikia habari za huko ndani wakaamua kuficha homa. Mkianza kuwapata 60 badala ya 80, hata asitoroke mtu, kila mgonjwa anaambukiza 1.2. Yaani mmefunga mlango barabara, na bado mnashindwa. Hilo la wanaojificha ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, maana kwenye vitabu vyenu vya zamu hawamo kabisa, na mimi... basi, tuliache.

Sasa ombi. Sitaki majina, nataka siku tu. Wanaotoroka hutoka siku ya ngapi? Wapo wanaorudi wenyewe? Mkiwaambia tangu mwanzo tarehe ya kutoka, wanatulia zaidi? Chakula kikikatika je? Na wewe, ungekuwa ndani, ungefika ya 14? Mama mguu umepona? Na lile daftari langu la kijani, au nalo limetoroka?

Wako,
Sefu