Raketi ya kushambulia sio lazima iwe nzito kichwani

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua michezo kwenu ni Simba na Yanga na usajili, sawa, ila siku hizi hapa Dar tuko watu tunacheza padeli, ule mchezo wa raketi unaofanana na tenisi ila korti ni ndogo na ina kuta za kioo, jioni na wikiendi, na kitu kinachotuumiza ni raketi tunazouziwa. Sijawahi kuona gazeti la Kiswahili likiandika hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Kilichonisukuma ni jumamosi iliyopita. Kaja kijana kortini, ana wiki ya sita tangu aanze, mkononi ana raketi mpya ya dayamondi, yaani kichwa chenye umbo la almasi, uso wa kaboni, ngumu. Nikamuuliza nani kakuchagulia akasema dukani waliniuliza unachezaje nikawaambia napenda kasi, napenda kushambulia, wakanipa hii. Nikaishika tu nikajua. Na mimi miaka miwili nyuma niliuziwa hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo, kiwiko cha kulia kikaniuma miezi minne, ikafika mahali kuinua sufuria ya wali jikoni natumia mkono wa kushoto, daktari akasema ni ile ile inayowapata wacheza tenisi, mishipa inayoshika kwenye kiwiko imechoshwa. Kwa hiyo roho inaniuma kweli nikimuona mwingine anapita njia hiyo.

Shida iko kwenye neno kushambulia. Ukilitamka dukani muuzaji anafikiria smashi, yaani kuupiga mpira kwa nguvu kutoka juu ya kichwa, basi, anakuvutia raketi yenye uzito juu. Lakini kasi ni kitu kimoja na nguvu ni kitu kingine. Korti ya padeli ni mita 20 kwa 10, mko wanne humo ndani, nyuma kuna kioo, na ukipiga kwa nguvu bila akili mpira unagonga kioo unarudi unamkalia mpinzani vizuri kabisa. Pointi nyingi za mtu anayeshambulia zinatoka karibu na neti, kwenye voli, yaani kupiga mpira kabla haujadunda, mpira unakuja umenyooka kifuani na unatakiwa uwe umeshageuza mkono, halafu unarudi tena kwenye mguu, tena kifuani, mara tatu mara nne ndani ya pumzi moja. Hapo raketi yenye kichwa kizito inachelewa. Inachelewa kidogo tu, lakini mpira umeshakupita au umeugusa na ukingo.

Maumbo ni matatu. Duara ina sehemu nzuri ya kupigia pana na iko katikati, inasamehe makosa. Dayamondi sehemu hiyo imepanda juu na ni ndogo, ukiipata smashi inatoka kama risasi, ukiikosa mtikisiko wote unashuka kwenye kiwiko. Ya tone, kama tone la maji, iko katikati ya hizo mbili, na kwa mtu wa kasi mimi ndio naitetea hiyo. Na wala sio raketi ya waoga, Agustín Tapia wa Argentina, ambaye yeye na Arturo Coello wa Hispania walimaliza 2023 na 2024 wakiwa jozi namba 1 duniani, raketi yake ya kampuni ya Nox ina umbo la tone, na hakuna atakayesema Tapia hashambulii. Alejandro Galán wa Hispania, naye mchezaji wa juu, amejulikana na raketi ya Metalbone ya Adidas ambayo ni dayamondi, ina hadi vyuma vidogo vya kufunga na kufungua ili kubadili uzito, lakini yule ndio kazi yake, anafanya mazoezi kila siku na ana watu wa kumkanda misuli. Sisi tunatoka ofisini saa kumi na moja tunakaa foleni ya makutano ya Morocco tunafika kortini mwili bado wa baridi.

Sasa uzito. Raketi nyingi ziko kati ya gramu 350 na 380, na mara nyingi wanaandika mwanya tu, mfano 360 mpaka 375, hujui wewe umepata ipi. Ile niliyouziwa niliipeleka Kariakoo kwa muuza viungo ninayemfahamu, akafuta unga wa binzari kwenye sahani ya mizani yake ya dijitali tukailaza, ikasoma 394. Tukashangaa wote. Nikaanza kubandua kimoja kimoja, kumbe gripu za juu, ile mikanda ya kuzungushia mpini, zilikuwa mbili, na ile plastiki ya kulinda ukingo wa juu peke yake ilikuwa gramu 15. Gramu 15 kwenye mpini huzisikii sana, lakini pale kichwani, mbali na mkono, zinavuta kila unapogeuza. Gripu ya ziada afadhali, inaongeza uzito upande wa mkono.

Na uzito bila kujua umelala wapi haukusaidii. Fanyeni hivi dukani, haihitaji mashine: lazeni raketi juu ya kidole kimoja mpaka itulie isianguke upande wowote, kisha pimeni kwa tepu ya fundi nguo kutoka kitako cha mpini hadi pale kwenye kidole. Ikiwa kwenye sentimita 26 hivi iko kati kwa kati. Ikifika 27 hiyo ni nzito kichwani, hata iwe imeandikwa gramu 355. Yangu ya zamani ilikuwa 27 na kitu.

Ndani kuna sponji ya EVA, jamii ile ile ya soli za raba, kuna laini na kuna ngumu. Uso ni kaboni au faibaglasi, faibaglasi ni laini zaidi. Zile namba za 3K, 12K, 18K wanazotutajia kwa sauti kubwa ni hesabu ya nyuzi kwenye kila fungu la kaboni, 3K ni nyuzi elfu 3, namba hiyo peke yake haikwambii raketi ni ngumu kiasi gani, kwa hiyo msilipie herufi. Na ushauri wa video za Hispania wakati wa baridi usiumeze mzima, kule baridi inakaza sponji na mpira unakufa, huku kwetu joto linalainisha sponji na mpira unaruka zaidi, kwa hiyo sponji laini sana hapa inarusha mpira bila mpangilio. Nairobi nako ni tofauti, wako juu hewa nyepesi mpira unakimbia. Kwa Dar mimi naona EVA ya kati inatosha. Na tafadhali msiiache kwenye buti la gari juani.

Ninayotumia sasa ni ya tone, gramu 362 kwa mizani ile ile ya viungo, sentimita 26, uso una chenga chenga kama msasa laini ili mpira ushike ninapokata bandeha na vibora, mapigo ya juu ya kukata mpira badala ya kuupiga kwa nguvu. Smashi yangu imepungua nguvu kidogo, ni kweli, sasa ni mara chache mpira wangu unadunda kwa wapinzani na kuruka nje juu ya uzio wa mita 3. Lakini kwenye neti nawahi mipira ambayo zamani ilikuwa inanipita, na kiwiko hakijauma tangu mwezi wa tatu.

Ombi langu kwa wenye maduka kupitia gazeti lako, wekeni raketi mbili tatu za kujaribia, mtu apige hata dakika 20 kabla ya kutoa hela, maana Ulaya kwenyewe hizi za juu zinapita yuro 300 na zikifika huku mnajua wenyewe. Na mteja akisema anashambulia mumuulize anamalizia pointi wapi, kwenye voli au juu kwenye smashi, na amecheza muda gani. Yule kijana wa jumamosi nimemuazima raketi yangu nyingine ya zamani, ya duara, wiki mbili hizi, ya kwake imekaa kwenye begi.

Msomaji wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam