Malalamiko kuhusu ukaguzi wa nyumba yangu ya Bugarika

Kwa meneja, habari za kazi.

Mimi ndo yule mama wa nyumba ya Bugarika, mlinikagulia mwezi wa kwanza kabla sijamlipa muuzaji, nikatoa laki nne na nusu taslimu na risiti yenu ninayo. Nyumba sasa hivi inapasuka na ripoti yenu inasema iko salama.

Injinia wenu (sijui kama ni injinia kweli, maana ripoti haina mhuri wala namba ya usajili, nimekuja kuliona hilo nimeshachelewa) alikaa kama dakika 40, akapiga picha, akagongagonga ukuta wa sebuleni, akaniambia ufa wa kwenye dirisha ni wa plasta tu, piga rangi utaisha. Nikamwamini nikaenda kulipa, hela yote ya mkopo wa saccos.

Masika yameanza tu, ule ufa umeshuka kutoka kona ya dirisha kama ngazi, unafuata viungo vya tofali mpaka chini, sarafu ya mia mbili inaingia. Mlango wa chumba cha nyuma haufungi tena. Nikamwita fundi, akabandua plasta, kumbe ufa ni wa siku nyingi, ulijazwa saruji ukapakwa rangi juu. Tukachimba nje pembeni ya msingi, upande wa barabarani nyumba imekalia jiwe, upande wa nyuma imekalia kifusi, vipande vya tofali na udongo wa kujazia. Jiwe halisogei, kifusi kikilowa kinashuka, ndo maana nyumba inakatika katikati. Sasa jamani, Mwanza hii ya mawe, nyumba za mlimani, swali la kwanza si ndo hilo, imekaa juu ya nini? Sisi tulitumia sululu na asubuhi moja. Nyie hamkuchimba hata kidogo.

Na ule ukuta wa nyuma unaozuia udongo umetoka tumbo, hauna hata tundu moja la kutolea maji, mvua ikinyesha maji yanajaa nyuma yake yanausukuma, na chini yake kuna nyumba ya jirani, watoto wanacheza pale pale. Ripoti yenu haijautaja kabisa. Hili linaninyima usingizi kuliko hela.

Simu nimeshapiga sana, mara bosi kasafiri mara tutakupigia, nimechoka. Nataka injinia aliyesajiliwa aje wiki hii, achimbe, aupime msingi na ule ukuta, aandike kinachotakiwa kufanyika na agonge mhuri wake. Na laki nne na nusu yangu irudi ndani ya siku 14. Mkikaa kimya, ripoti yenu na picha zangu nazipeleka Bodi ya Usajili wa Wahandisi waulize aliyeiandika ni nani.

Wanangu nimewatoa chumba cha nyuma, wanalala sebuleni. Kuhusu ukuta msisubiri hiyo wiki, njooni kesho, mawingu yameshatanda tena upande wa ziwani.

Mteja wenu, Bugarika