Somo, niangalizie maji ya Kilwa

Tanga, Ijumaa baada ya alasiri

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Habari za Kilwa, za shemeji na za wajukuu? Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kulia linanisumbua nikikaa sana kwenye cherahani. Mama anakusalimu, na kila nikikutaja anauliza kama bado unapika bokoboko kama zamani. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya mtoto wa wifi yako. Najua pia maneno yamekwishakufikia, kwamba siku hizi nashinda pwani na fito, natazama maji na kuandika. Ni kweli, Somo. Afadhali uyasikie kwangu mwenyewe, tena nina jambo la kukuomba.

Mjukuu wangu wa kwanza, yule aliyekuwa hanyamazi ukimpakata, amemaliza kidato cha nne, na vitabu vyake vya fizikia vikabaki hapa nyumbani. Nikaanza kuvifunua wakati nasubiri wateja. Wewe unajua sisi tulivyosomeshwa. Tuliambiwa wasichana waende sayansi kimu, fizikia waachiwe wavulana, na hao wavulana wenyewe mwalimu wa fizikia hawakuwa naye. Nimeishi umri wote huu nikiamini mambo yale yana wenyewe. Sasa nasoma kani, nasoma uvutano. Nikikwama narudi kurasa kadhaa nyuma. Nikikwama tena naandika swali pembeni naenda nalo maktaba ya mkoa, au naangalia masomo kwenye simu bando likiwepo. Kipeo cha pili na cha tatu nimejifunza upya juu ya meza ya kukatia vitambaa, na daftari la vipimo vya wateja nusu yake sasa ni hesabu. Somo, nina furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Naamka usiku nawaza kitu ambacho hakihusu ada wala kodi ya fremu.

Ila kilichonishika hasa ni maji kujaa na kupwa. Mimi na wewe tumekulia ndani yake. Bibi yako alitufundisha bamvua, maji yanapojaa na kukauka sana, na maji mafu, yanapojaa na kukauka kidogo, kabla hatujajua kusoma: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua, ukiwa nusu, maji mafu. Siku za bamvua tulitoka na ndoo saa nne asubuhi kwenda kuokota chaza, kwa kuwa saa nne ndiyo maji yamekauka mpaka mwambani. Je, kuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini ni saa nne? Kwa nini haitokei hata mwaka mmoja bamvua likakauka saa nane mchana?

Kitabu kinasema mwezi unayavuta maji. Hilo hata Bibi alilijua. Lakini ukisoma kwa utulivu unaona kwamba jambo lenyewe ni tofauti ya mvuto. Mwezi uko mbali nasi kilomita 384,400 kwa wastani, na dunia ina upana wa kilomita 12,700 na ushei. Kwa hiyo upande wa dunia unaoutazama mwezi uko karibu nao kuliko upande wa pili, na ukipiga hesabu ya kipeo cha pili cha umbali unakuta unavutwa zaidi kwa kama asilimia 7. Maji ya upande wa mbele yanaitangulia dunia, na dunia nayo, kwa kuwa inavutwa zaidi kuliko maji ya nyuma, inayaacha. Yanatokea matuta mawili, moja chini ya mwezi na jingine upande wa pili kabisa. Ndiyo maana maji yanajaa mara mbili kwa siku! Nilipolielewa hilo niliinuka nikaenda uani, nikarudi, nikatoka tena. Nilitaka kumwambia mtu, na baba watoto alikuwa amelala.

Halafu kuna jua. Jua linaivuta dunia kwa nguvu karibu mara 180 ya mwezi, lakini kwenye maji halifikishi hata nusu ya kazi ya mwezi, kwa sababu liko mbali mno na tofauti kati ya mbele na nyuma inakuwa ndogo. Likiwa mstari mmoja na mwezi linauongezea nguvu, tunapata bamvua. Likivuta kutoka ubavuni linaupunguzia, yanakuwa maji mafu. Newton, mwanasayansi wa Kiingereza, aliliandikia hesabu mwaka 1687. Galileo wa Italia, mwanasayansi mkubwa vile, mwaka 1632 alikuwa bado anaukataa mwezi, anasema maji yanatikiswa na mwendo wa dunia. Bibi angembishia mpaka magharibi.

Sasa sikiliza kilichoninyima usingizi. Mwezi unapoandama, mwezi na jua viko upande mmoja wa mbingu, kwa hiyo saa sita mchana vyote viwili viko juu kabisa. Kama tuta la maji liko chini ya mwezi, basi maji yangejaa saa sita. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba siku za bamvua yanajaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa sita ndiyo kwanza yameanza kupanda kwa nguvu. Hizo saa nne za kuchelewa zimekwenda wapi? Nilirudi kitabuni mara kwa mara, na kitabu kinachora yale matuta mawili mazuri kisha kinaenda sura nyingine.

Ndipo nikatafuta fito ya mkoko, nikaigawa kwa rangi kila sentimita 10, na fundi wa madau wa Sahare akanisaidia kuisimika kwenye kona ya ngazi za mawe ambako mawimbi hayapigi. Nikaona kwa macho yangu kwamba kujaa kwa kesho kunachelewa kuliko kwa leo, kwa wastani wa dakika 50. Mwezi nao unatembea kuizunguka dunia, upande uleule dunia inaojizungushia, kwa hiyo dunia inahitaji hizo dakika za ziada kuufikia tena. Hilo nililisoma. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kuona maji yanakataa kufika kwenye alama saa ileile ya jana ni kitu kingine.

Na saa nne zangu za kuchelewa nimezipata! Jibu liko kwa Mfaransa mmoja, Laplace, aliyeishughulikia hesabu hii miaka ya 1770. Tuta la maji haliwezi kuufuata mwezi. Hapa kwetu karibu na ikweta dunia inajizungusha kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, wakati wimbi refu kwenye bahari yenye kina cha kilomita 4 linakwenda kama kilomita 700 tu kwa saa. Tena mabara yanaziba njia. Kwa hiyo bahari inayumba huku na huku kama maji ndani ya karai ukilibeba kichwani, kwa kufuata umbo na kina chake, na kila pwani ina saa yake ya kujaa. Saa kumi ni saa yetu sisi.

Huyo Laplace hasomeki kirahisi, nimekuta maelezo yake tu. Lakini nimekutana na mama mmoja wa Uskochi, Mary Somerville, aliyezaliwa mwaka 1780. Hakusomeshwa sayansi. Alama za aljebra aliziona mara ya kwanza kwenye gazeti la mitindo ya wanawake, akauliza ni nini, na tangu hapo hakuacha. Nyumbani walimnyang'anya mishumaa asisome usiku. Mwaka 1831, akiwa na miaka 50, alitoa kitabu cha kuwafafanulia Waingereza hesabu za Laplace za mwendo wa sayari na mwezi. Miaka 50, Somo! Hadi alipofariki mwaka 1872, akiwa na miaka 91, alikuwa bado anapiga hesabu. Nimemweka moyoni mwangu pamoja na Bibi.

Basi ombi langu ni hili. Kutoka hapa hadi Kilwa ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, pwani ileile, bahari ileile. Nataka kujua kama maji yanajaa kwenu saa ileile yanapojaa kwetu, au yanatangulia, au yanachelewa. Jedwali la bandari lipo, lakini nataka tuone wenyewe, mimi huku na wewe huko, siku moja. Tufanye mwezi utakapoandama na siku mbili zinazofuata.

Tafuta fito, isimike mahali pa utulivu, mbali na wanapoburuta mashua. Usihangaike kuotea dakika ambayo maji yamejaa kabisa, kwa sababu yakifika juu yanasimama kwa muda na huwezi kujua. Chagua alama moja iliyo chini kidogo ya kilele, uandike saa maji yanapoipita yakipanda, kisha uandike saa yanapoipita tena yakishuka. Katikati ya hizo saa mbili ndipo yalipojaa. Fanya hivyo kwa alama tatu tofauti, tutaona kama zinakubaliana. Tumia saa ya simu, ile ya ukutani kwako naijua.

Kuhusu kitenge, nimekishona, kimebaki kutiwa vifungo. Nitakipeleka kwa dereva yuleyule wa Dar.

Sasa nijibu. Huko Kilwa siku za bamvua wanawake wanakwenda pwani saa ngapi? Ni saa nne kama sisi? Wazee wa huko wana hesabu nyingine ya mwezi, au ni ileile ya Bibi? Shemeji aliyekuwa anavua zamani anasemaje, kuna sehemu kati ya visiwa ambako maji yanachelewa? Mjukuu wako wa kike, yule mwenye maswali mengi, amefika darasa la ngapi, na unaweza kumshirikisha awe anakuandikia? Na wewe mwenyewe, Somo, hujawahi kuwa na swali lililokukaa kooni tangu utotoni? Niandikie. Nikipata bando nitatafuta nawe.

Ni mimi Somo wako,
wa Raskazone